Kabla ya kumshonea askari, muulize analala wapi

Kila kikosi cha wanajeshi wetu kinapoagwa kwenda kulinda amani nje ya nchi, magazeti huchapa picha za namna moja: bendera inakabidhiwa, safu za askari wamevaa bereti za buluu, kiongozi anatoa hotuba. Siku mbili tatu kabla ya picha hiyo kuna begi limefunguliwa juu ya kitanda, na mama au mke amesimama mbele yake akihesabu. Dawa ya meno, sabuni, kandambili, vesti. Nimeyaona mabegi ya aina hiyo katika nyumba za majirani na za ndugu, na kila mara, katikati ya vitu vya dukani, hukosi kukuta kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mtu wa nyumba ile: foronya iliyodariziwa maua pembeni, kofia iliyoshonwa kwa sindano, kipande cha kanga kilichopigwa pindo ili kiwe kitambaa cha uso.

Jambo la pili ninaloliona ni vikao vya vikoba na vya upatu mitaani kwetu. Kina mama wamekaa, kroshia ziko mkononi, uzi unakwenda, wanafuma vitambaa vya makochi na vya meza. Miongoni mwao, hasa mitaa iliyo karibu na kambi, yupo ambaye mumewe au mwanawe yuko Kongo, Afrika ya Kati au Lebanoni. Wenzake watamuuliza, "Mwenzetu, shemeji hajambo huko?" Atajibu, "Tunamshukuru Mungu, jana alipiga simu." Kisha mazungumzo yanarudi kwenye marejesho ya mkopo. Mikono iko kazini, uzi upo, na huruma ipo. Lakini haimjii mtu kwamba kazi ile ya mikono ingeweza kumfikia kijana yule aliyeulizwa hali sasa hivi.

Msimamo wangu ni huu: wakati umefika sisi raia tujifunze kuwashonea askari wetu walioko ugenini, kwa mpango na kwa utaratibu, kama watu wa mataifa mengine walivyofanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Sharti langu ni moja, na ndilo nitakalolishikilia mpaka mwisho. Mshonaji aanze na maisha ya askari kule aliko, hisia zake mwenyewe zije baadaye. Kitu kilichoanza kwa swali kitavaliwa na kutumika hadi kichakae. Kilichoanza kwa hamu ya kupiga picha ya makabidhiano kitalala chini ya kitanda cha kambi hadi siku ya kurudi.

Huko waliko

Tunasema "nje ya nchi" kana kwamba ni mahali pamoja. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walikuwa Darfur, nchi kavu ya vumbi na jua, ambako tarehe 13 Julai 2013 wenzao saba waliuawa katika shambulio la kuvizia. Mwaka huohuo wengine wakapelekwa mashariki mwa Kongo katika brigedi moja na askari wa Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa usiku, na Watanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Wakenya wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011. Waganda waliwatangulia huko Machi 2007, na Warundi wakafuata kabla mwaka ule haujaisha. Ukipita katika kambi za watu hawa wote utasikia Kiswahili. Nyumba zilizopokea taarifa za misiba ile hazihitaji kuambiwa kwamba utumishi wa ugenini ni zaidi ya safari ya posho.

Sasa fikiria kulala huko. Msitu wa Beni una mvua nyingi: nguo iliyofuliwa asubuhi inaweza kuanikwa siku mbili isikauke, na shuka likikunjwa na unyevu linapata harufu ya kuvu isiyotoka hata kwa sabuni. Kusini mwa Lebanoni kuna majira ya baridi yenye mvua na upepo wa bahari, baridi ambayo kijana aliyekulia Tanga au Kilwa hajapata kukutana nayo maishani. Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, shida ni joto na jasho. Je, blanketi moja zito lililofumwa kwa mapenzi makubwa litawafaa wote hawa? Yule wa Lebanoni atalibusu. Yule wa Beni litamwozea mkononi, na atasikitika zaidi kwa kuwa anajua nani amelifuma.

Wala kupelekwa mbali na hali ya hewa ya kwao hakukuanza na vikosi vya Umoja wa Mataifa. Pale Kariakoo, Dar es Salaam, tunapokwenda kununua vitambaa, zipu na nyuzi, ndipo palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa nchi zetu walibebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi, njaa na baridi kuliko kwa risasi. Watu wa mwambao walipandishwa milimani, na watu wa milimani wakashushwa kwenye mabonde ya malaria. Vita vya pili vilipokuja, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni. Walitembea kwenye tope na malaria kwa miezi hadi kuufikia mto Chindwin na kuuvuka mwezi Desemba. Mama aliyekuwa Songea au Machakos mwaka ule alikuwa na njia chache mno za kumfikishia mwanawe hata kitambaa cha kujifutia jasho. Askari wa vita vya kwanza wana sanamu yao ya shaba katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Sanamu haina mguu unaolowa. Wajukuu wao walioko kazini leo wanayo miguu, wana mabega na shingo, na simu ya kuwauliza wanahitaji nini tunayo mfukoni.

Soksi laki tatu na mkanda wa nyuzi elfu

Tuangalie waliotutangulia katika kazi hii, kwa sababu wamekwisha kulipia makosa mengi ambayo sisi hatuna haja ya kuyarudia.

Septemba 1914 Malkia Mary wa Uingereza alitoa wito kwa wanawake wa nchi yake wapatikane jozi 300,000 za soksi za kufuma na mikanda ya tumbo ya sufu 300,000, vyote viwe tayari mapema Novemba. Mtu anaweza kuuliza, taifa tajiri kama lile lilikuwa linaombaje soksi? Jibu lilikuja kuonekana chini, kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Askari walisimama ndani ya maji ya tope kwa siku kadhaa, buti hazivuliwi, na nyama ya mguu ikaanza kufa ikiwa ingali hai. Wengi walikatwa vidole, wengine miguu mizima. Majeshi yakagundua kwamba dawa ilikuwa rahisi kuitaja na ngumu kuipata: kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi, na kubadili soksi kila siku. Mafuta hayo yakagawiwa na maofisa wakaagizwa kukagua miguu ya askari wao. Soksi za kubadili zikawa hazitoshi. Kwa hiyo bibi aliyekuwa akifuma soksi kijijini kwake Uingereza alikuwa anaokoa mguu wa mtu, na alijua hivyo. Katika vita hivyohivyo Waaustralia nao walikusanya zaidi ya jozi milioni moja na kuzisafirisha kwa meli hadi upande wa pili wa dunia.

Hata namna ya kufuma ilibadilika. Mshono wa kawaida wa soksi unapofungwa kwenye vidole huacha ukingo mgumu, na mtu anayetembea kilomita ishirini na buti ukingo ule unamchubua hadi damu. Washonaji wakaacha mshono ule na kutumia ufungaji unaounganisha matundu ya uzi moja kwa moja, bila ukingo, hata usijue soksi ilifungiwa wapi. Mpaka leo wafumaji wa Ulaya na Marekani wanauita mshono wa Kitchener, kwa jina la waziri wa vita wa wakati ule, na husemekana ndiye aliyeuhimiza. Iwe ndiye au siye, mtu alikaa akawaza juu ya kidole gumba cha askari asiyemfahamu, na hapo ndipo ninapotaka wafumaji wetu wafike.

Japani walikuwa na desturi yao. Ilijulikana kwa jina la senninbari: mkanda wa kitambaa wa kujifunga tumboni, uliotiwa vifundo elfu moja vya uzi mwekundu, kila kifundo na mwanamke wake. Mama au mke wa askari alisimama penye njia panda au mbele ya stesheni ya treni, akiwaomba wanawake wapitao watie sindano mara moja moja. Mwanamke aliyezaliwa mwaka wa chui milia aliruhusiwa kutia vifundo vingi kwa idadi ya miaka yake, kwa imani kwamba chui milia huenda mbali na hurudi salama. Wengine walishonea ndani sarafu ya sen tano kama kinga. Ni kazi nzuri sana, na sijui kama kuna mama anayeweza kusoma habari zake asiguswe.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkanda ule ulivaliwa juu ya ngozi, wiki nenda wiki rudi, katika joto na jasho, na vifundo elfu moja vilikuwa maficho elfu moja ya chawa. Askari wengi waliuthamini na huku unawatesa. Na kuna jambo zito zaidi ya chawa. Katika miaka ya 1930 na 1940 dola ya Japani ilikuwa inapeleka vijana kuvamia nchi za watu, na mapenzi ya kina mama wale yakaingizwa kwenye propaganda za vita. Mwanamke aliyesimama njia panda akiomba vifundo alikuwa anamwombea mwanawe arudi. Magazeti yalimwonyesha kama mwanamke anayeshangilia vita. Nayataja haya kwa sababu najua swali litakuja: je, kumshonea askari si kubariki vita? Mtu anaweza kuipinga kazi aliyotumwa askari, akaipinga hadharani na kwa hoja, na bado asitake miguu ya kijana yule iozee kwenye maji. Muhimu ni nani anaishika ile sindano. Ikiwa mikononi mwa nyumba na mitaa, itabaki kuwa huduma kwa mtu. Siku itakapoanza kufuata ratiba ya mikutano ya kisiasa, kina mama waiweke chini.

Pamba, sufu, na kitambaa kinachoyeyuka

Wamarekani walipoingia Irak mwaka 2003, wafumaji wao walianza kutengeneza kofia nyepesi za kuvaa ndani ya helmeti wakati wa baridi. Vikundi vilivyosimamia kazi hiyo viliweka kanuni moja bila msamaha: sufu tupu. Uzi wa akriliki, ule wa bei nafuu na rangi nyingi unaopendwa na wafumaji duniani kote, hawakuupokea. Sababu yake inatisha. Nyuzi za viwandani zikipata moto haziungui zikawa majivu kama pamba au sufu. Zinayeyuka, na zikiyeyuka zinagandamana na ngozi. Aprili 2006 makamanda wa wanamaji wa Marekani waliokuwa Irak walipiga marufuku askari kuvaa nguo za polista na nailoni wanapotoka nje ya kambi, baada ya madaktari kuona majeraha ya waliolipukiwa na mabomu ya barabarani.

Sasa nenda Kariakoo, au Gikomba ya Nairobi, ukapapase vitambaa. Vingi vinavyong'aa, visivyokunjamana na vya bei ya kumshawishi mtu ni polista, au mchanganyiko wenye polista nyingi. Uzi wa kufumia unaouzwa kwa wingi ni akriliki. Mama atakayeshona kwa mapenzi yake yote fulana au kofia ya kitambaa hicho atakuwa amempa mwanawe kitu cha hatari, na hatakuwa na njia ya kujua kama hakuna aliyemwambia. Nasi nchi yetu inalima pamba! Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanaivuna kila mwaka. Kanga ya pamba halisi, iliyolainika kwa kufuliwa, ni kitambaa kizuri kuliko vingi kwa foronya, kitambaa cha shingo au shuka jepesi la nchi ya joto: inanyonya jasho, inakauka upesi, haiyeyuki. Kuna njia rahisi wanayoitumia mafundi wetu kujaribu kitambaa: chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti mbali na mwili. Pamba itanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Polista itajikunja, itanuka kemikali na kuacha kishanga kigumu.

Wamarekani walijifunza pia juu ya njia ya kufikisha mzigo. Hadi mwaka 2001 raia angeweza kutuma kifurushi kwa askari yeyote asiyemjua jina. Baada ya barua zenye vimelea vya kimeta kutumwa kwa watu mbalimbali mwaka ule, jeshi lao likasimamisha mizigo ya namna hiyo, na tangu hapo lazima pawe na mtu anayefahamika wa kupokea. Nasi tuzingatie hilo tangu mwanzo. Mzigo upitie kwa familia au kwenye kikosi, na habari za kambi ya mtu, siku ya msafara wake na jina lake zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp kwa nia ya kuchangisha uzi. Wema wa namna hiyo unaweza kumwonyesha adui njia.

Basi askari anahitaji nini hasa? Ukiwauliza waliorudi utasikia vitu vidogo. Foronya ya pamba, maana mito ya kambini hulaliwa na wengi. Mfuko wa kamba wa kutenga nguo chafu na safi. Kipochi chenye sindano, uzi wa rangi ya sare na vifungo vya akiba. Kofia na soksi za sufu kwa walioko Lebanoni. Mswala mwembamba unaokunjika mfukoni kwa Muislamu, kifuko cha kuhifadhia Biblia isilowe kwa Mkristo. Na kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine kwa wiki nyingi, ambazo tangu enzi na enzi mwanamke wa pwani alimshonea mumewe, kama wafanyavyo jamaa zetu wa Oman. Kofia ya aina hiyo haipingani na kanuni zozote nilizotaja. Ni ya pamba, haina uzito, na kijana akiivaa Ijumaa katika kambi ya Beni, mwenzake wa Pemba ataitazama mishono na kukisia imetoka mtaa gani.

Mkate wa fundi cherehani

Hapa ndipo wengi wanaopenda kujitolea hawafiki, nami nataka tukae kidogo.

Agosti 1914, vita vilipoanza tu, wanawake wenye nafasi nchini Uingereza walianza kushona mashati na kufuma soksi za askari bure. Siku zilezile maelfu ya wanawake maskini waliokuwa wakiishi kwa ushonaji walikuwa wameachishwa kazi, kwa kuwa biashara ya nguo ilikuwa imeyumba. Mary Macarthur, kiongozi wa harakati za wafanyakazi wanawake, akasimama kupinga. Alisema wazi kwamba ushonaji wa bure unachukua riziki ya mshonaji wa kulipwa. Malkia alimwita, akamsikiliza, na ukaanzishwa mfuko wa fedha kwa jina la malkia huyo kwa ajili ya kuwapa kazi yenye ujira wanawake waliokosa ajira, huku Macarthur mwenyewe akiwa katibu wa kamati iliyosimamia kazi hiyo. Mwanamke wa chama cha wafanyakazi na malkia walikubaliana juu ya sindano. Ni tukio ambalo kila mwenye kamati ya hisani angepaswa kulijua.

Kwetu fundi cherehani ni nani? Ni yule mama wa Mbagala aliyeweka mashine barazani, anapiga pindo, anapunguza suruali, anabadilisha zipu, na fedha hiyo ndiyo inayonunua unga jioni. Ni kijana aliyejifunza ushonaji katika chuo cha ufundi cha VETA akarudi mtaani hana mtaji wa kitambaa. Kikundi cha kanisa au cha msikiti kikiamua kushona bure mifuko mia kadhaa ya nguo, kimewafurahisha askari na kimempokonya fundi huyu kazi ambayo angeweza kulipwa. Kwa nini wema wetu umtoke mtu mwingine?

Pendekezo langu ni kwamba kazi igawanywe. Kitu kinachohitajika kwa wingi na kwa kipimo kimoja kilipiwe kwa fundi wa mtaa husika, kwa michango: watu watoe fedha, fundi atoe ustadi wake, apate ujira wake wa haki. Kitu cha mtu mmoja kwa mtu mmoja, ile foronya ya mke au kofia ya shangazi, kibaki kazi ya mikono ya nyumbani isiyo na bei. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiye na fedha atatia pindo, asiyejua pindo atachangia uzi. Na vitu ambavyo ni wajibu wa serikali, yaani buti, sare, chandarua, koti la mvua, tusivishone kabisa. Siku raia wakianza kuziba mapengo ya vifaa vya jeshi kwa sindano, wenye wajibu watayazoea mapengo hayo, na askari ndiye atakayeumia.

Aliyerudi na jeraha

Kuna askari ambaye hakuna anayemfikiria tunapozungumzia zawadi: aliyerejea kabla ya muda wake, amelazwa hospitali ya jeshi ya Lugalo au amekwisha ruhusiwa, yuko nyumbani na vyuma mguuni. Madaktari wanaposhikiza mfupa uliovunjika vibaya kwa fremu ya chuma inayotokeza nje ya ngozi, mgonjwa hawezi kuvaa suruali. Kila nguo ni ndogo kwa fremu ile. Anabaki na shuka au kanga ya mkewe kiunoni kwa miezi. Mwanamume aliyezoea sare iliyopigwa pasi anakaa sebuleni amejifunga kanga, wageni wanaingia kumpa pole, naye hasimami. Baadaye anaanza kukataa wageni. Mke ndiye anayebeba yote: kumvalisha, kumfunika, kumtetea kwa watoto wasioelewa kwa nini baba amekuwa mkali.

Nchini Marekani mwaka 2004 kilianzishwa kikundi kilichoitwa Sew Much Comfort, kilichoshona nguo kwa ajili ya majeruhi wa namna hii hasa. Suruali iliyofumuliwa ubavuni toka kiunoni hadi chini na kuwekwa Velcro. Shati lenye mkono unaofunguka kwa ajili ya aliyeungua au aliyefungwa plasta. Nguo ya ndani inayofungwa ubavuni ili mgonjwa asilazimike kuinua mguu. Ukiitazama kwa mbali huoni tofauti na nguo za kawaida, na hapo ndipo ulipo ubora wake: mtu amevaa kama watu.

Fundi gani wa Tanzania ashindwe kazi hii? Kufumua mshono wa ubavuni, kuongeza kipande cha pamba mahali fremu inapotokeza, kuweka kamba za kufungia au Velcro: ni kazi ya saa moja kwa anayejua cherehani. Kinachohitajika ni futi ya kupimia na mtu wa kwenda hospitalini kumuuliza mgonjwa, "Kaka, inakubana wapi?" Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kama vikundi vyetu vina nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, ningependa liwe hili, kabla ya foronya na kabla ya kofia. Na nguo hizo zisiishie kwa wanajeshi, kwa kuwa wodi za mifupa zimejaa vijana wa bodaboda wenye vyuma vilevile na aibu ileile.

Wamarekani wana kazi nyingine inayofaa kutazamwa, Quilts of Valor. Aliianzisha mama mmoja, Catherine Roberts, mwaka 2003 mwanawe alipokuwa Irak. Hushona mablanketi ya viraka, kila moja likiwa na lebo inayotaja aliyelishona na mahali alipo, na askari aliyepitia vita huvikwa mabegani mbele ya watu. Mpaka sasa yamepita 300,000. Ninachokipenda zaidi ni ile lebo. Mpokeaji anajua kuna mtu mwenye jina, katika mji fulani, aliyekaa na vipande hivyo siku nyingi akimfikiria yeye. Nasi tuna vipande vingi vya kitenge vinavyotupwa chini ya meza za mafundi kila siku.

Nani aanze

Nyumba ndiyo inayofaidika mwanzo, hata kabla mzigo haujaondoka. Mtoto wa darasa la nne anayemsaidia mama kukata nyuzi za kofia ya baba lazima aulize kwa nini ni ya sufu, na kwa swali hilo ataletewa ramani aone Lebanoni iko wapi na theluji huanguka wapi. Mke ambaye simu yake haijaita kwa siku nne ana kitu cha kufanya na mikono yake usiku. Sisemi kazi hiyo inaondoa hofu. Nasema inampa mazungumzo na watoto, na inawapa majirani sababu ya kuingia wakiwa na kitu zaidi ya swali la "anaendeleaje".

Vikoba vinaweza kuanza. Jumuiya za kanisa na madrasa zinaweza kuanza. Shule zilizo jirani na kambi zina walimu wanaojua kudarizi, na wanafunzi ambao baba zao wako huko. Lakini hakuna atakayeshona vizuri bila kuambiwa, na hapa naliomba jeshi letu, kwa maofisa wake wa ustawi, litoe ukurasa mmoja kwa kila kikosi kinachojiandaa kuondoka: hali ya hewa ya kambi itakayokwenda, vitambaa vinavyofaa na visivyofaa, rangi zinazoruhusiwa, uzito wa mwisho wa kifurushi, na ofisa atakayepokea mizigo. Wa kuuandika ukurasa huo wapo. Wamerudi kutoka Darfur, Beni na Berbérati, wanaishi mitaani kwetu, na baadhi yao bado wanakumbuka ni nguo ipi waliyoitamani usiku wa kwanza wa mvua. Waulizwe wao kwanza, kabla mtu yeyote hajanunua uzi.